Chakula kina saa yake

*Shangazi wa Jikoni anajibu barua zenu*

Tangu mvua za masika ziishe, barua nyingi zinazonifikia zinatoka kwa watu waliohamia pembezoni mwa Dar es Salaam. Wamejenga, wamehamia, kazi bado iko mjini. Wanafika nyumbani usiku na njaa, jiko halijawashwa, na kituoni pamejaa moshi wa mishkaki na harufu ya chipsi. Nimechagua barua sita. Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: nilipika chakula cha kuuza kwa miaka 19, kwanza Buguruni Malapa, baadaye Tabata Bima, mpaka magoti yakakataa kusimama. Haya ninayoyasema niliyaona nikiwa upande wa jiko.

Shangazi shikamoo. Tumehamia Kinyerezi kutoka Ilala. Nashuka kwenye daladala saa 2 usiku, wakati mwingine saa 2 na nusu. Watoto wangu, wa miaka minne na saba, wanashinda na binti wa kazi ambaye bado anajifunza kupika, kwa hiyo siku tatu kwa wiki nanunua chakula kituoni. Pana mabanda manne ya chipsi, mama lishe wawili, mchoma mishkaki mmoja na mgahawa wenye kiyoyozi. Mara mbili sasa mtoto mdogo ameharisha. Nimchague nani? *Mama wa wawili, Kinyerezi*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mtoto wa miaka minne akiharisha, nyumba nzima hailali.

Umeniuliza umchague nani. Mimi naanza na saa unayonunua. Chakula cha kununua kina saa yake, na banda linalokulisha vizuri saa 7 mchana linaweza kukuumiza saa 2 usiku, na mwenye banda ni yule yule, hajabadilika tabia hata kidogo.

Chukua wali wa mama lishe. Mimi maharage nilikuwa nayabandika saa 11 alfajiri, nyama saa 2, wali wa kwanza unaiva saa 5 na nusu, wa pili saa 7. Mafundi gereji na makondakta wanaanza kuja saa 6, na ikifika saa 8 na nusu upawa unakwangua ukoko. Hapo kati wali una raha yake: punje imesimama, ukifunua mvuke unapanda, nazi bado inanukia nazi. Sasa wewe ukija saa 2 usiku ukakuta wali, ujue mara nyingi ni wa ile sufuria ya mchana. Umekaa saa saba nzima, umefunikwa, vuguvugu, na mkaa umeshakuwa majivu. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na kama kinasubiri wateja basi kiwe na joto la zaidi ya nyuzi 60. Nyuzi hizo huzioni kwa macho, lakini chakula cha joto hilo kinafuka mvuke, na tonge la kwanza lazima ulipulize.

Wali una hila yake ambayo nyama haina. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa taratibu zinaamka, zinazaana, zinatoa sumu, na sumu hiyo haitoki hata ukiupasha wali mpaka uungue. Ndiyo maana mtu analalamika "mbona niliupasha?" huku anatapika. Kutapika kwake huanza upesi, ndani ya saa sita baada ya kula. Wali uliochacha, unaoteleza na kunuka, kila mtu anaumwaga. Huu wenye sumu unaweza usinuke kitu.

Muuza chipsi yeye mambo yake yamepinduka. Saa 10 jioni ndiyo kwanza anawasha jiko, wateja wachache, alizokaanga zinakaa kwenye kabati la kioo zinalegea. Kati ya saa 1 na saa 3 usiku foleni inasimama, viazi vinatoka kwenye karai kwenda kwenye sahani bila kupumzika. Kwa hiyo saa unayoshuka kwenye gari ni saa nzuri ya chipsi na saa mbaya ya wali.

Katika hayo mabanda manne, siku moja simama dakika kumi bila kununua, kama mtu anayesubiri mwenzake. Hesabu ni karai ngapi zinatoka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na kwenye chipsi foleni ina faida zaidi ya sifa, kwa sababu penye foleni hapabaki kiporo. Tazama mkono unaopokea hela. Kama ndio huo huo unaochota chipsi, nenda banda la pili; penye watu wawili, mmoja wa hela na mmoja wa jiko, ni heri. Chungulia na ile ndoo viazi vilimolowekwa. Maji yakiwa meupe kama tui jepesi, hiyo ni wanga ya viazi vya leo. Yakiwa ya kahawia na yameota povu, viazi vimekatwa tangu jana.

Kuku nitamsemea kwa urefu, kwa sababu nahisi ndiye aliyemuumiza mwanao. Kuku wa kisasa wa kwenye chipsi huchemshwa mchana, akakaangwa kidogo apate rangi, kisha akapangwa kwenye kabati chini ya taa. Ukiagiza kidari, mkaangaji anakitosa kwenye mafuta. Mafuta yanalia, ngozi inapasukapasuka, baada ya dakika moja anakitoa na wewe unaona umepewa kitu cha moto. Kweli nje kinaunguza. Niliwahi kukichana kidari cha namna hiyo palepale kwenye benchi nikagusa mfupa kwa kidole: ulikuwa baridi kama ukuta. Lile joto la kabati lenye taa ni joto la kuatamia mayai, na bakteria wanalipenda kama kifaranga anavyolipenda.

Mwambie hivi: "Kaka, nichanie kati kwanza, halafu ukitose, mimi nasubiri." Kipande kilichochanwa hadi mfupani moto unakiingia pande zote. Ukiona nyama ya karibu na mfupa ni ya waridi na inatoa maji mekundu, rudisha, usione haya. Hela ni yako na tumbo ni la mtoto. Na siku huna muda wa kusubiri, chukua chipsi mayai. Mayai yanavunjwa mbele yako, yanapigwa mbele yako, yanakaangwa mbele yako. Ya mtoto mwambie ayakaushe, katikati pasibaki utelezi.

Kwa mchoma mishkaki angalia jambo moja tu, ile brashi ya mafuta. Kama inapita kwenye nyama mbichi kisha inapakwa kwenye iliyoiva, mwombe yako ikae motoni tena kidogo baada ya kupakwa.

Mgahawa wenye kiyoyozi sikukatazi, ila kiyoyozi kinapoza watu, hakipashi chakula. Miaka michache iliyopita nilinunua biriani ya familia kwenye mgahawa mmoja mzuri, sakafu inang'aa, wahudumu wamevaa kofia. Ilikuwa Jumapili, saa 12 jioni. Tulikula saa 1. Saa 4 usiku mwanangu wa mwisho akaanza kutapika, saa 5 akafuata dada yangu. Kesho yake nilirudi kuuliza, nikajibiwa kwa upole kwamba biriani ilikuwa ya siku ile ile, imepikwa saa 4 asubuhi. Saa nane kamili! Na wao waliona wamenijibu vizuri. Mimi jana yake nilikuwa nimeuliza bei, nimeuliza kama ina pilipili, sikuuliza imetoka motoni saa ngapi. Tangu siku hiyo sinunui chakula popote bila kuuliza hilo, na ninauliza kabla ya bei.

Kuna njia nyingine ambayo watu wengi hawaifikirii. Hao mama lishe wawili, nenda kale kwao mchana wa Jumamosi. Yule ambaye chakula chake kimekupendeza, mwambie: "Dada, nikikuletea wateja watano wa uhakika, utatupikia jioni?" Mama lishe hauzi kiporo kwa roho mbaya. Anakiuza kwa sababu hajui usiku watakuja wangapi, na hela iliyo ndani ya ile sufuria ndiyo ya kununulia mchele kesho. Mimi pale Tabata Bima nilikuwa na nyumba saba. Walinitumia ujumbe kabla ya saa 8 mchana na hela kwa simu, nikajua nisonge ugali wa watu wangapi na ninunue samaki wangapi. Saa 1 na nusu samaki anatoka kwenye mafuta, mchicha unaepuliwa, ugali nausonga mwisho kabisa. Wakipita kutoka kazini wanabeba, wanaenda kula ungali moto. Majirani zako wanaoshuka na wewe kwenye daladala ile ile wana shida hii hii. Waulize.

Mtoto akiharisha tena, muhimu ni maji. Maji yaliyochemshwa yakapoa lita moja, sukari vijiko sita vya chai vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko, au ununue pakiti za ORS duka la dawa. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au anakataa kunywa, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali.

Shikamoo shangazi. Naishi peke yangu Sinza na kiepe ndio mlo wangu mara nne kwa wiki. Rafiki yangu anasema wauza chipsi wanatumia mafuta ya transfoma kwa sababu hayaishi haraka. Ni kweli? Nitayajuaje? *Kijana wa Sinza*

Marahaba baba. Hilo la transfoma linasemwa miaka mingi, hapa kwetu na Kenya pia. Katika miaka yangu yote jikoni sikuwahi kuyakuta kwenye banda. Yale ni mafuta ya madini ya kupozea mitambo ya umeme, na mitambo mingi ya zamani ilitiwa kemikali za PCB, ambazo zinasababisha saratani. Anayekaangia watu chakula kwa kitu kama hicho ni mhalifu, na ukimjua kwa hakika toa taarifa polisi.

Lakini naona hofu hiyo inakufanya usione kilicho karibu nawe. Kinachokuumiza mara nne kwa wiki ni mafuta halali kabisa ya kula ambayo yamechoka. Dumu la lita 20 ni hela nyingi kwa kijana mwenye banda, basi anakaangia leo, kesho, keshokutwa, yakipungua anaongezea mapya juu ya yale yale. Kuongezea hakuyafufui. Mafuta mapya ukiyatazama unaona chini ya karai. Yakianza kuchoka yanakuwa na rangi ya chai ya rangi, hayo bado yanavumilika. Yakifika rangi ya kahawa, yanatoa povu dogo dogo lisilopotea hata viazi vikiisha kutolewa, na yanafuka moshi kabla hata hajatosa kitu, hayo yamekufa. Ulimi nao unajua: ukimaliza kula, kaakaa linabaki na utando ambao hata soda haiuondoi.

Kuna wakaangaji wazuri. Mmoja alikuwa jirani yangu Tabata, kila usiku anaacha mafuta yapoe, anayachuja kwa kitambaa cheupe, ule mchanga mweusi wa viazi anaumwaga. Nilijua ni mzuri kwa sababu alikuwa anawakaangia wanawe kwenye karai ile ile. Muulize wako anamwaga lini mafuta. Anayejibu bila kukasirika ana jibu.

Na uchukue chipsi za rangi ya dhahabu, usiombe "kaanga sana". Viazi vikikaangwa mpaka vikaungua vinatengeneza akrilamaidi, kemikali isiyofaa mwilini.

Sasa nikuseme kama mwanangu: mara nne ni nyingi. Sinza hamkosi supu. Supu ni chakula cha asubuhi, saa 1 hadi saa 3, sufuria iko motoni tangu usiku inachemka mbele ya macho yako, na kitu kinachochemka hivyo sina wasiwasi nacho. Kunywa bakuli moja na chapati mbili, kamulia ndimu, na jioni utaona kiepe hukitamani kama zamani. Ukipita penye mihogo au ndizi za kuchoma kwenye mkaa, hizo pia zinashibisha na hazina karai.

Shangazi, heshima yako. Mimi ni baba wa familia, Mbagala, naishi njia ya Chamazi. Nikienda kununua chakula Rangi Tatu nabeba hotpoti. Mke wangu anaona aibu, anasema watu watadhani kwangu hakupikwi. Tusaidie. *Baba Hotpoti*

Msalimie sana mama watoto, na umwambie Shangazi amekuunga mkono kwa moyo wote.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Nilifurahi, kwa sababu nilishachoka kuona maharage yanayochemka yanamiminwa kwenye mfuko mweusi hadi mfuko unanywea. Lakini mpaka leo utamkuta mtu anafungia chakula cha moto kwenye nailoni nyembamba, au anaviringisha kuku kwenye gazeti na wino unabaki kwenye ngozi ya kuku. Hata vile vibweta vyeupe vya foamu, mchuzi wa moto wenye mafuta si kitu cha kumimina humo. Mwenye chombo chake hana shida hizo zote, na mama lishe akiona hotpoti anapakua kwa heshima na mara nyingi anazidisha. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilikuwa nazidisha. Aliyekuja na chombo alikuwa ameondoka nyumbani na nia ya kuja kwangu.

Kutoka Rangi Tatu hadi huko ndani, foleni ikikaa vibaya ni dakika 40. Kabla hujatoka, mimina maji yanayochemka kwenye hotpoti, funika dakika tano, mwaga, futa. Hotpoti baridi inakula joto la chakula. Wali na mchuzi vitenganishe. Chipsi usizitie humo kabisa: mvuke wake wenyewe unazirudia, zinafika zimelowa kama zimenyeshewa. Chipsi ni za bahasha ya kaki, mdomo wazi, na samaki wa kukaanga vivyo hivyo.

Shangazi, kachumbari ya kituoni nile au nisile? Jibu fupi tu. *Mpenda pilipili, Kimara*

Usile. Nyanya na kitunguu vilivyokatwa saa 10 jioni, kwa kisu na ubao usiouona, vikaoshwa kwa maji usiyoyajua, havipiti motoni hata sekunde moja. Kipindupindu kilipoanza Dar Agosti 2015 tulijifunza kwa machungu kwamba maji machafu yanaingia mwilini kwa njia nyingi. Barafu ya kwenye juisi ya ukwaju nayo ni maji, kumbuka. Mwambie muuza chipsi "usiweke", nunua nyanya mbili, kitunguu na ndimu kwenye genge, katia kwako. Ni dakika tatu, na ladha yake utaniambia.

Habari Shangazi. Huku Goba tunaagiza chakula kwa watu wanaopika majumbani, tunawaona Instagram, kinaletwa na bodaboda. Picha nzuri sana, lakini mara ya mwisho makange yalifika yamepoa na yamemwagika. Nitamjuaje mpishi wa kweli? *Bibi harusi mtarajiwa, Goba*

Njema mwanangu, na hongera. Picha inapigwa siku moja, sahani moja, mchana wa jua. Wewe unakula kilichopikwa leo. Mpigie kabla ya kuagiza, umuulize chakula kinatoka motoni saa ngapi. Anayekwambia "tunacho muda wote" mwogope, maana hakuna jiko la nyumbani linalopika muda wote. Ana kitu kimekaa mahali. Anayekwambia "leo kimeisha, kesho kuanzia saa 7" huyo mfuate, mhifadhi namba.

Kisha agiza kinachopenda safari. Pilau inasafiri, chapati na maharage vinasafiri, nyama ya kukaanga kavu inasafiri. Makange yenye rojo, samaki wa nazi, chipsi, hivyo vifuate mwenyewe. Chombo kifungue boda akiwa bado getini, na hela ya chakula itume ukishaona. Mpishi mzuri hatakasirika, na boda naye atajifunza kufunga kontena wima badala ya kuliweka kwenye tangi la pikipiki.

Shangazi mpendwa, mimi ni mama lishe Tandika, jirani na soko. Nina kadi ya afya, vyombo naviosha, mikono naiosha. Lakini wateja wapya wanapita wananiangalia kama mchafu, wanavuka barabara kwenda mgahawani. Na wali wa mgahawani mimi najua unatoka kwa mwenzangu wa nyuma ya soko! Nifanyeje? *Mama lishe, Tandika*

Barua yako niliisoma mara tatu. Najua uchungu huo. Unaamka watu wamelala, unabeba maji, moshi unakuingia machoni, halafu mtu aliyevaa viatu vizuri anafunua sufuria yako kwa kidole kimoja, anafunika, anaondoka bila neno.

Sitakupa maneno matamu. Mteja mpya hajui moyo wako, anajua anachokiona akiwa barabarani, hatua kumi kutoka kwako. Basi weka vitu vyako vizuri pale anapoviona. Ndoo yenye koki na sabuni ya kunawia iwe mbele kabisa, si nyuma ya jiko. Beseni za kuoshea ziwe tatu, na ile ya mwisho ya kusuuzia uimwage kila baada ya sahani ishirini hata kama maji ni ya kununua. Mimi nilihesabu hela ya maji kama ninavyohesabu hela ya mkaa, ni sehemu ya mtaji. Sahani zilizooshwa zianike wima, zikauke kwa upepo. Kile kitambaa kimoja kinachofuta sahani, meza, jasho na mikono kiondoe leo leo, ndicho kilichonipotezea wateja wangu wa kwanza Buguruni kabla mama mmoja mtu mzima hajaniita pembeni akaniambia. Kadi yako ya afya itie kwenye nailoni uitundike usawa wa macho, na afisa afya wa kata akija mkaribishe kiti mbele ya wateja, waone huna cha kumkimbia.

Na hiki nakupa kwa sababu mimi kilinisaidia kuliko vyote. Nilikuwa nachukua kipande cha boksi la biskuti, nakitundika kwenye nguzo ya banda, naandika kwa makapeni kila sufuria inapoepuliwa: MAHARAGE 4:00. NYAMA 5:15. WALI 5:35. Wali wa pili ukiiva nakata mstari juu ya saa ya kwanza, naandika mpya pembeni. Ikifika saa 9 kilichobaki nakishusha bei mara moja, ikifika saa 10 sikiuzi. Wiki ya kwanza watu waliuliza kama ni ratiba ya treni. Wiki ya tatu, basi la Segerea lilipunguza mwendo mbele ya banda langu, kondakta akiwa ananing'inia mlangoni akapaza sauti: "Mama, wa pili umeiva?" Nikamwonyesha boksi kwa mwiko. Saa 7 na dakika tano. Akaruka chini, akachukua sahani tatu za kwenda nazo, na kesho yake akaja na dereva wake.